Kutoka Quionga hadi Dodoma: Treni au Ndege?

Anayetoka Quionga, Msumbiji, kwenda Dodoma, kwa masomo, matibabu au kumwona ndugu, ana mto Ruvuma mbele yake, kisha Mtwara, kisha Dar es Salaam. Tangu tarehe 25 Julai 2024, treni ya reli ya kisasa (SGR) ilipoanza safari za Dar hadi Dodoma, kipande cha mwisho kina njia mbili nzuri. Uamuzi mzuri hufanywa ukiwa bado Mtwara.

Vuka kwanza, tiketi baadaye

Pantoni ya Kilambo, inayovusha watu mto Ruvuma, hufuata maji kujaa na kupwa. Yakipwa, mchanga hutokeza na chombo hakitoki. Ulizia saa ya maji kujaa siku moja kabla. Ulizia pia usalama wa njia, maana tangu mji wa Palma uliposhambuliwa Machi 2021, hali ya upande wa Msumbiji haitabiriki. Gonga muhuri pande zote mbili, hata kama jamaa zako wamezoea kuvuka kienyeji. Usipange mto na ndege siku moja, lala Mtwara.

Ukienda Dar kwa basi, malizia kwa treni

Mtwara hadi Dar ni kilomita 560 hivi, safari ya kutwa. Basi huingia jijini kwa upande wa Mbagala, na stesheni ya SGR iko katikati ya mji. Lala Dar, panda treni kesho yake. Daraja la kawaida lilianza kwa nauli ya shilingi 31,000, na mwendo ni saa tatu na nusu hadi nne hivi. Ndege hukaa angani kama saa moja, lakini jumlisha foleni ya Barabara ya Nyerere, muda wa kuripoti na kusubiri mzigo. Kinachookolewa ni kidogo, nauli ni kubwa zaidi. Stesheni ya Dodoma haiko katikati ya mji, kwa hiyo bakiza hela ya bajaji.

Ukienda Dar kwa ndege, unganisha kwa ndege

Hapa umeshafika uwanjani. Kuingia mjini kufuata treni ni kujichosha. Ila kata safari zote mbili kwa tiketi moja ya shirika moja, ili ya kwanza ikichelewa wao wakutafutie nyingine. Kama hakuna ndege ya Dodoma siku hiyo, lala Dar upande treni.

Jina na mzigo

Jina kwenye tiketi lifanane na pasipoti herufi kwa herufi. Pasipoti ya Msumbiji ikisema Saide, usikubali kuandikiwa Saidi, hata kama nyumbani wote wanakuita hivyo. Kata tiketi ya treni mapema, hasa sikukuu zinapokaribia. Ndege hupima mzigo na kilo za ziada hulipiwa, kwa hiyo mwenye kiroba cha korosho na ng'onda afikirie hilo kabla hajalipa nauli. Ng'onda ifungwe vizuri kwa plastiki, usafiri wowote ule.

Kwa mzima mwenye mizigo, basi na treni ndiyo njia. Kwa mgonjwa, mjamzito au mzee asiyeweza kukaa kitako kutwa nzima, familia ichangishane apande ndege tangu Mtwara.