Mhudumu wa Afya Anapobisha Hodi

Kwa desturi ya watu wa Rufiji, mgeni hubisha hodi, na asipoitikiwa mara ya tatu huondoka. Hata akijua kwamba mwenye nyumba yumo ndani, hana ruhusa ya kusukuma mlango. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anapofundishwa maadili ya kazi, somo la kwanza analopewa halitofautiani sana na desturi hiyo: ridhaa hutangulia huduma.

Kazi ya wahudumu hawa si ngeni wilayani. Kuanzia mwaka 2011, Rufiji, wakati huo Kibiti ikiwa bado sehemu yake, ilikuwa miongoni mwa wilaya tatu, pamoja na Kilombero na Ulanga, zilizoshiriki mradi wa Connect wa Taasisi ya Afya Ifakara. Watu waliochaguliwa na vijiji vyao walisomeshwa kwa miezi tisa, kisha wakarejea kuhudumia jamii zao kwa malipo ya mshahara. Waliitwa WAJA, na wako wananchi wanaowaita hivyo mpaka leo. Januari 2024 Serikali ilizindua Mpango Jumuishi wa Wahudumu wa Afya Ngazi ya Jamii, unaolenga kupata wahudumu 137,294 nchini kote katika kipindi cha miaka mitano. Mwananchi wa Mbwara anayo haki ya kufahamu mhudumu huyo anafungwa na mambo gani.

Afikapo nyumbani, mhudumu hujitambulisha kwa jina, hutaja zahanati anayoripoti kwake, hueleza sababu ya kufika na kile atakachokiandika katika daftari. Mwenye nyumba anaweza kujibu maswali yote, kukataa baadhi, au kumwomba aje siku nyingine. Kukataa hakumwondolei mtu haki ya kutibiwa. Anayemwambia mama mjamzito kwamba asipojibu atanyimwa chandarua amekwisha kuvunja maadili, hata kama nia yake ni njema na hesabu zake zinadaiwa mwisho wa mwezi.

Jambo la pili ni siri, na hapa ndipo penye ugumu hasa. Kijijini siri haivuji kwa mdomo peke yake. Mhudumu akionekana anaingia nyumba moja kila Jumanne, majirani hufanya hesabu zao. Akimwuliza kijana juu ya kikohozi cha zaidi ya wiki mbili mbele ya watu waliokaa barazani, amekwisha kumtangaza. Akimwuliza binti aliyeolewa karibuni kama ni mjamzito huku mama mkwe anasikiliza, jibu atakalopata litakuwa la mama mkwe. Kwa hiyo mhudumu aliyeiva hupitia nyumba nyingi siku hiyo hiyo, huomba faragha bila kuonyesha sababu, na daftari haliachi mezani kwa mtu. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 imeweka wazi kwamba majibu ya kipimo ni siri na hupewa aliyepimwa. Wengine hupewa pale tu sheria yenyewe iliporuhusu. Ujirani na ukoo havimo katika ruhusa hizo.

Lakini ipo siri isiyotunzwa. Mhudumu akikuta mtoto ana majeraha ya kipigo, au binti wa shule amefanyiwa ukatili, mara nyingi wazee wa pande mbili huwa wamekwisha kukaa, fedha imetajwa, na mhudumu huombwa aliache jambo liishie ndani. Aombaye pengine ni mjomba wake au jirani aliyemsaidia msibani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haikumwachia nafasi hiyo: kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa ana wajibu wa kuifikisha kwa mamlaka ya serikali ya mtaa. Afisa Ustawi wa Jamii na Polisi ndio wenye kuliendeleza shauri, na simu ya bure kwa ajili ya mtoto ni 116. Mhudumu hana mamlaka ya kuchunguza wala kusuluhisha. Anachotakiwa ni kutoa taarifa kwa wahusika, na kutolisimulia jambo hilo kisimani.

Upande wa ustawi una mtihani wake, nao ni orodha. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliziacha kaya nyingi za bonde la Rufiji bila makazi wala mazao, na kila msaada unapokuja, jina la nani liandikwe huwa swali zito. Katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, majina hupelekwa mbele ya mkutano wa kijiji ili wananchi wenyewe wayahakiki. Uwazi huo ni wa lazima, maana orodha iliyofungiwa kabatini hukua kwa majina ya shangazi na wajomba. Hata hivyo, kinachosomwa mkutanoni ni jina la kaya. Maradhi ya aliyemo ndani hayasomwi. Na mwandishi wa orodha ambaye ndugu yake anaombewa msaada hutamka udugu huo mapema, akampisha mwingine afanye tathmini.

Mhudumu hufanya alichofundishwa, basi. Hachomi sindano kwa sababu tu anaaminiwa. Akimkuta mjamzito anatokwa na damu, anaumwa kichwa kikali au amevimba uso, hampi ahadi ya kurudi kesho. Humpa rufaa papo hapo na kuhakikisha safari imepatikana.

Mhudumu akidai malipo yasiyo halali au akitoboa siri, mwananchi aanze kwa mganga mfawidhi wa zahanati au Afisa Mtendaji wa Kijiji, na asiporidhika aende kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Madai ya rushwa hupokelewa na TAKUKURU kwa simu ya bure 113.