Bei ya Mwisho Ngapi? Somo kwa Anayeuza Nyumba Mji wa Kale

Nyumba ikishasemwa kwamba inauzwa katika Mji wa Kale, habari haihitaji tangazo. Hutoka kwenye baraza moja ya Kibokoni asubuhi, na kabla ya adhuhuri ishafika Ndia Kuu na kuzunguka mpaka chini ya kuta za Ngome ya Yesu. Jioni mwenye nyumba ana wageni watatu mlangoni. Wa kwanza amekuja kutazama roshani na mlango wa kuchongwa, kwa sababu siku zote alikuwa akipita nje akitamani kujua ndani kukoje. Wa pili ni dalali ambaye hana mteja bado. Anatafuta nyumba kwanza, mteja atajulikana baadaye. Wa tatu hajavua viatu wala hajapanda ngazi, naye ashauliza: "Bei ya mwisho ngapi?"

Huenda kati ya hao watatu hakuna mnunuzi hata mmoja. Kuwapokea si kosa, maana mgeni ni mgeni. Hasara huanza pale mwenye nyumba anapowapa wote muda ule ule, karatasi zile zile na bei ile ile, mpaka amechoka, na siku amechoka ndipo anapokubali bei ambayo mwezi wa kwanza angeikataa.

Chukua mfano wa nyumba ya urithi ya ghorofa moja. Wazazi wote wawili wamefariki, na warithi ni wana wawili na mabinti watatu. Kwa mgao wa Kiislamu mwana hupata sehemu mbili na binti sehemu moja, kwa hivyo jumla ni sehemu saba. Nyumba ikiuzwa kwa shilingi 14,000,000, gharama zikiwekwa kando, kila sehemu ni shilingi 2,000,000. Anakuja mtu na fedha mkononi, anasema 9,100,000, jibu leo leo. Ndugu aliye Dubai anataka iishe: "Chukueni tu." Lakini kwa bei hiyo sehemu ni 1,300,000, na binti anayekaa kwa kupanga Majengo akitegemea fungu hilo apate chumba chake mwenyewe amepungukiwa shilingi 700,000. Hakuuliza mtu. Kwa hivyo warithi na waandikiane mapema bei ambayo hawatashuka chini yake, wote waitie sahihi, na wamteue mmoja wa kuzungumza na wanunuzi. Mnunuzi mjanja huwatafuta ndugu mmoja mmoja, na akimkuta mwenye shida zaidi, ndiye anayekaa naye.

Jua unachouza

Bei nyingi za chini huanzia kwenye udhaifu wa karatasi. Mombasa ina jambo ambalo mgeni kutoka bara hulishangaa: nyumba bila ardhi. Mtu amejenga, au babu yake alijenga, juu ya ardhi ya mwingine, na hulipa kodi ya kiwanja. Anayeuza nyumba ya namna hiyo anauza jengo na nafasi yake ya upangaji, hauzi ardhi, na ni lazima mwenye ardhi ahusishwe. Bei yake haiwezi kulinganishwa na ya jirani mwenye hatimiliki. Anayenyamazia jambo hili akidhani atapata bei nzuri zaidi hupoteza miezi mitatu, kisha wakili wa mnunuzi huligundua kwa kupekua rekodi za ardhi siku moja.

Zipo pia nyumba za wakfu. Hizo haziuzwi kama mali ya mtu binafsi, hata kama familia imekaa humo vizazi vinne, na maswali yake hupelekwa kwa Tume ya Wakfu. Nyumba ya marehemu nayo haiuzwi kabla mirathi haijakamilika na msimamizi kupewa mamlaka na mahakama. Waislamu wengi hapa huanzia Mahakama ya Kadhi. Ikiwa nyumba ni mali ya ndoa, ridhaa ya mume au mke inatakiwa kisheria, na iwe kwa maandishi.

Halafu kuna wapangaji. Nyumba nyingi za Mji wa Kale zina duka chini na familia juu. Mwenye duka asiye na mkataba wa maandishi analindwa na sheria ya upangaji wa maduka na hoteli, Sura ya 301: hatolewi kwa neno la mdomo, hupewa ilani rasmi isiyopungua miezi miwili, na ana haki ya kwenda kwenye baraza la usuluhishi. Mnunuzi anayejua hayo atapunguza bei, na ana haki kupunguza. Muuzaji aseme mapema: nyumba inauzwa na wapangaji wake, au atazungumza nao kwanza.

Mwisho katika karatasi ni madeni. Kodi ya ardhi ya kaunti ikiwa imelimbikizwa miaka kumi, cheti cha kutodaiwa hakitolewi, na bila cheti hicho uhamisho hausajiliwi. Deni dogo lililosahauliwa limemfanya muuzaji zaidi ya mmoja kushusha bei mbele ya mnunuzi aliyekuwa tayari kulipa. Ni afadhali kulilipa, au kukubaliana na ofisi ya mapato namna ya kulilipa, kabla ya kumwonyesha mtu yeyote nyumba.

Kumpima mgeni bila kumvunjia heshima

Maswali machache yatosha, tena yaulizwe kwa upole, kahawa ikiwa mezani. Ananunua kwa ajili ya kukaa au biashara? Fedha iko tayari, inatoka benki kwa mkopo, au anangoja kuuza kiwanja chake cha Mtwapa? Wakili wake ni nani? Mnunuzi aliyejiandaa hujibu bila kukasirika. Hujua pia kwamba ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4 na kwamba ni yeye anayelipa. Kwa nyumba ya shilingi 12,000,000 hiyo ni 480,000 juu ya bei, mbali na ada ya wakili. Aliyekuja na milioni 12 kamili mfukoni bila kulisikia jambo hilo atarudi baada ya wiki mbili kuomba punguzo la 480,000.

Mnunuzi asiye raia wa Kenya aulizwe jambo moja zaidi. Katiba ya 2010, kifungu cha 65, inamruhusu kumiliki ardhi kwa muda tu, usiozidi miaka 99. Dalali anayesema "Mzungu wangu ataichukua moja kwa moja milele" hajui kazi yake, au anajua na anategemea muuzaji hajui.

Nakala ya hatimiliki isipigwe picha ya simu na kila anayekuja. Nambari ya kiwanja yatosha kwa mtu anayetaka kupekua rekodi katika ofisi ya usajili wa ardhi. Nakala zipite kati ya mawakili baada ya bei kukubaliwa. Dalali naye aulizwe kama amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Mawakala wa Mali, na malipo yake yaandikwe kabla hajaleta mtu, la sivyo siku ya kuuza watatokea madalali watano, kila mmoja akidai mteja ni wake.

Na jambo la nyumbani kabisa: shida ya muuzaji isitoke nje ya familia. Anayemweleza dalali kwamba mgonjwa anasubiri kupelekwa India amempa mnunuzi kipimo cha bei.

Bei ya chini ikija

Si kila bei ya chini ni matusi. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na Ngome ya Yesu yenyewe ni Urithi wa Dunia tangu 2011. Anayenunua hapa hawezi kubomoa atakavyo na kupandisha ghorofa kumi. Mabadiliko yanahitaji idhini ya Makavazi ya Kitaifa na ya kaunti. Kuta za mawe ya matumbawe zinataka chokaa, saruji huzidhuru, na boriti zilizooza si rahisi kupata wala fundi wake si kila fundi. Mnunuzi anayesema "Paa hili litanila milioni 2" huenda anasema kweli. Anayesema "Jengo halina thamani, nitalibomoa, nakulipa ardhi tu" ndiye wa kutiliwa shaka: ama hajauliza sheria, ama ameijua na anajaribu bahati yake.

Tofauti kati ya hao wawili hujulikana kwa swali moja: "Umefikaje kwenye bei hiyo?" Mwenye hesabu ataitoa, na hapo kuna mazungumzo. Asiye nayo atarudia nambari yake kwa sauti kubwa zaidi. Kwa upande wa muuzaji, ripoti ya mthamini aliyesajiliwa ndiyo hesabu yake. Inagharimu, lakini humwondoa kwenye mabishano ya "jirani aliuza kwa kadhaa", kwa sababu bei ya jirani inayotajwa barazani mara nyingi si ile iliyolipwa.

Bei ya mwisho asiambiwe mtu ambaye hajapanda ngazi. Jibu la adabu ni kutaja bei inayotakiwa na kumkaribisha atazame, kisha alete neno lake kwa maandishi kupitia wakili. Wengi huishia hapo, na ni nafuu kwa wote. Atakayeleta barua ya shilingi 11,500,000 taslimu ndani ya siku 90 anastahili kufikiriwa kuliko yule wa 13,000,000 ambaye hajaenda benki hata kuulizia mkopo.

Ujanja mmoja umeenea pwani yote, nao ni arubuni ndogo. Mtu anatoa shilingi 50,000, anaandikiwa kikaratasi, kisha anatoweka miezi minne. Wanunuzi wengine wameambiwa nyumba ishauzwa, na anaporudi anataka punguzo. Sheria inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote na ushuhudiwe. Desturi ni malipo ya kwanza ya asilimia 10, yakae kwa wakili, na mkataba useme siku ya kukamilisha na linalofuata ikipita. Kila upande uwe na wakili wake. Hatimiliki halisi na ufunguo vitoke fedha ikiwa imeingia, au wakili wa muuzaji akiwa na hati ya ahadi ya benki.

Mwingine hupendekeza bei mbili: ya mdomo milioni 12, ya karatasi milioni 7, ushuru upungue. Ni kosa kisheria, na mthamini wa serikali hukadiria thamani mwenyewe. Zaidi ya hayo, zile milioni 5 zisizoandikwa mahali popote, mnunuzi akikataa kuzilipa, muuzaji atamshtaki kwa karatasi gani? Kodi ya faida ya mauzo, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida, ndiyo inayomvuta muuzaji akubali. Lakini aliyeikalia nyumba yake mfululizo miaka mitatu kabla ya kuuza husamehewa kodi hiyo, na wengi hawajui. Warithi waliohama zamani waulize mhasibu kabla ya kukubaliana bei, wajue kitakachobaki kugawanywa.

Uhamisho ukishasajiliwa, muuzaji apeleke nakala kwenye ofisi ya kodi ya ardhi ya kaunti ili jina libadilishwe, na akaunti za maji na umeme zifungwe au zihamishwe siku ya kukabidhi ufunguo, mita zikiwa zimesomwa na pande zote mbili zikitazama.