Bomba na Pampu: Istilahi katika Somo la Maji Yaliyopozwa

Neno bomba liliingia katika Kiswahili kutoka Kireno, ambamo humaanisha chombo cha kusukumia maji. Maana yake ilipanuka, na kamusi sasa hulieleza kuwa ni chombo hicho na pia mrija mkubwa upitishao maji. Kisimani au bafuni utata huu haumdhuru mtu. Katika somo la kukadiria ukubwa wa mabomba yanayosambaza maji yaliyopozwa jengoni, hata hivyo, vitu hivi viwili hushindana.

Maji hayo hupozwa mtamboni, aghalabu hadi nyuzi 7 za selsiasi, yakasukumwa hadi vyumbani, yakafyonza joto la hewa, kisha yakarejea yakiwa na nyuzi 12 hivi. Ichukuliwe, mathalani, hoteli ya Mombasa inayohitaji kuondolewa joto la kilowati 420, yaani kilojuli 420 kila sekunde. Lita moja ya maji ikipanda joto kwa nyuzi 5 hubeba takriban kilojuli 21. Basi 420 ikigawanywa kwa 21, zahitajika lita 20 kwa sekunde. Kiasi hiki ndicho mtiririko, wala si kasi. Mtiririko huamuliwa na joto la jengo. Kasi huamuliwa na bomba litakalochaguliwa.

Lita hizo 20 zikipita katika bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 100, maji hukimbia mita 2.5 kwa sekunde. Katika milimita 125 kasi hushuka hadi mita 1.6, na katika milimita 150 hadi mita 1.1. Tofauti yaonekana ndogo, lakini msuguano hauhesabu hivyo. Kwa mtiririko ule ule, kipenyo kikipunguzwa nusu, upotevu wa kanieneo huongezeka takriban mara 32. (Wapo wapendeleao shinikizo badala ya kanieneo, neno hilo limekwisha kushughulishwa mno na wanasiasa.) Katika bomba la chuma la milimita 100, upotevu ni paskali 600 hivi kwa kila mita, katika 125 ni karibu 200, katika 150 ni karibu 80. Wahandisi wengi hulenga kati ya 100 na 400, kwa hiyo milimita 125 yafaa.

Mwenye hoteli akichagua milimita 100 ataokoa fedha za chuma siku ya ujenzi, kisha atalipia umeme wa kusukuma maji mwaka baada ya mwaka. Mwalimu atalielezaje hili? Akisema "bomba dogo huhitaji bomba kubwa", amesema kweli na hakuna aliyemwelewa. Heri bomba libaki kuwa la kupitishia maji, na pampu, ambalo mafundi walikwisha kulizoea, liwe la kusukumia.

Kwingineko lugha haikupungukiwa. Bomba kuu ni shina, yanayoingia katika kila ghorofa ni matawi. Na kwa kuwa kila tawi huondoka na fungu lake la maji, shina hupunguzwa kipenyo kadiri linavyosonga mbele. Hata kasoro ya bomba baridi lililoachwa wazi katika hewa yenye unyevu ya pwani ina jina tayari: hutoka jasho, likalowesha dari, na ndiyo sababu huvishwa sponji ya kuzuia joto kabla dari haijafungwa.