Dondoo muhimu: Kidole kinapokwama

Kumenya muhogo na kushika jembe kutwa, kama wafanyavyo wengi Kibaha na Kisarawe, huchosha kano za vidole. Ala ya kano ikivimba, kidole hukwama kikiwa kimekunjwa, kisha hufunguka kwa mlio wa "ta!", hasa asubuhi.

• Usikivute kwa nguvu, wala usichanjwe chale.

• Loweka mkono kwenye maji ya uvuguvugu dakika 10, ukikunja na kukunjua vidole taratibu.

• Mpini mwembamba wa jembe nao ni adui. Uzungushie mpira wa tyubu kuukuu ya baiskeli mpaka unenepe, ili kiganja kisibane sana. Mpini wa kisu cha kumenyea nao ufunge kitambaa vivyo hivyo.

• Pima sukari; wenye kisukari hupatwa zaidi.

• Wiki zikipita bila nafuu, nenda Hospitali ya Tumbi au hospitali ya wilaya. Sindano ndani ya ala mara nyingi husaidia. Isiposaidia, upo upasuaji mdogo.

• Viungo vya mikono yote miwili vikivimba na kukakamaa kila asubuhi, usisubiri wiki hizo. Na kidole chekundu, chenye joto, pamoja na homa: nenda hospitali siku hiyohiyo.