Kauli ya Kitenzi katika Tahadhari za Usalama wa Kompyuta: Tangazo la Debian la Mwaka 2008 na Wasomaji wa Iringa na Mbeya

1.0 Utangulizi

Uundaji wa istilahi za kompyuta umewashughulisha wataalamu wa Kiswahili kwa muda mrefu. Mwaka 2004, kwa mfano, mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi yenye menyu za Kiswahili. Istilahi za menyu, hata hivyo, ni sehemu moja tu ya lugha ya kompyuta. Sehemu nyingine ni matini ya tahadhari, ambayo humweleza msomaji kwamba mashine yake ina kasoro na kumwelekeza la kufanya.

Mfano mzuri wa matini hiyo ni matangazo ya usalama ya Debian, mfumo endeshi wa chanzo huria ulioanzishwa mwaka 1993. Kwa kuwa msimbo wa mfumo huo uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha, kasoro zake nazo hutangazwa hadharani. Kila tangazo huwa na namba, tarehe, jina la programu inayohusika, maelezo ya kasoro, toleo lililorekebishwa na ushauri kwa mtumiaji. Makala hii inadai kwamba ugumu wa kulifasiri tangazo la namna hiyo kwa Kiswahili hautokani hasa na nomino, bali na kauli na njeo za kitenzi.

2.0 Mazingira ya Wasomaji

Iringa na Mbeya ni miji yenye vyuo vinavyofundisha taaluma ya kompyuta. Mjini Iringa, chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Iringa kilianzisha shahada ya teknolojia ya habari mwaka 2007, kikiwa bado chini ya Chuo Kikuu cha Tumaini. Mjini Mbeya, kilichokuwa Chuo cha Ufundi ndicho sasa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Lugha ya kufundishia katika vyuo hivyo ni Kiingereza. Fundi aliyehitimu huko hulisoma tangazo kwa Kiingereza, kisha hulieleza kwa Kiswahili kwa mhasibu, mtunza kumbukumbu au mkuu wa idara. Kwa wengi wa wasikilizaji hao, Kiswahili chenyewe kilitanguliwa na Kihehe, Kibena, Kisafwa au Kinyakyusa.

Jambo hili lina uzito kwa sababu mwenye kuidhinisha kwamba huduma isimamishwe siku ya kazi ni msikilizaji, wala si fundi. Wahenga walisema kuwa mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mlio wa mbiu huwakusanya watu, lakini ni maneno yanayofuata ndiyo huwaeleza kama ni moto, vita au mkutano. Ufasiri wa tangazo ndio maneno hayo.

3.0 Tangazo la Tarehe 13 Mei 2008

Tangazo namba 1571 la Debian, la tarehe 13 Mei 2008, lilihusu OpenSSL, programu inayotumika kutengeneza funguo za siri za kulinda mawasiliano. Usalama wa ufunguo hutegemea namba za kubahatisha ambazo mtu wa nje hawezi kuzijua. Mwaka 2006 watunzaji wa programu hiyo katika Debian waliondoa sehemu ndogo ya msimbo iliyolalamikiwa na chombo cha kukagua matumizi ya kumbukumbu. Matokeo yake, namba hizo zilibaki zikitegemea namba ya utambulisho wa mchakato peke yake, ambayo haizidi uwezekano 32,768. Kompyuta ya kawaida ingeweza kuujaribu wote. Kasoro hiyo iligunduliwa na Luciano Bello.

Tangazo lilitoa maagizo mawili: programu isasishwe, kisha funguo zote zilizotengenezwa nayo tangu toleo la tarehe 17 Septemba 2006 zitengenezwe upya. Lilieleza pia kwamba Debian 3.1 haikuwa na kasoro hiyo, ila mfumo wowote ungeweza kuathirika iwapo ungepokea funguo dhaifu kutoka kwingine.

Ichukuliwe kwamba fundi wa Iringa alitengeneza ufunguo katika mashine yenye Debian 4.0, kisha akautumia kuingia katika mashine ya Mbeya yenye Debian 3.1. Mashine ya Mbeya haina kasoro, wala hakuna cha kusasisha. Hata hivyo, iko hatarini maadamu inaupokea ufunguo ule. Kumrekebisha fundi wa vitasa hakubadili funguo alizokwisha kuwagawia watu.

4.0 Uchambuzi

Nomino tatu zahitaji kutenganishwa. *Kasoro* ni kosa lililomo katika msimbo. *Upenyo* ni nafasi ambayo kosa hilo humfungulia adui. *Shambulio* ni tendo la mtu aliyeitumia nafasi hiyo. Neno *tatizo*, ambalo hutumiwa sana katika mazungumzo, huyafunika yote matatu. Neno *kiraka* nalo, ingawa limezoeleka, lina upungufu: gurudumu likishatiwa kiraka huendelea na safari, ilhali mwaka 2008 kiraka kilikuwa nusu tu ya kazi.

Tofauti hizo hudhihirika zaidi katika kitenzi:

(1) Funguo zinabashirika.
(2) Funguo zimebashiriwa.
(3) Huenda funguo zimebashiriwa.

Sentensi (1) iko katika kauli ya kutendeka na hueleza uwezekano, kama isemwavyo kwamba chakula kinalika hata kabla hakijaliwa. Sentensi (2) iko katika kauli ya kutendwa. Humdokeza mtenda, hata kama hakutajwa, na huarifu tukio lililokamilika. Sentensi (3) huarifu shaka kuhusu tukio. Tangazo la 2008 lilisema (1), na kwa sababu hiyo likamtaka msomaji achukue hatua kana kwamba (2) imekwisha kutokea. Fundi anayetamka (2) huzusha taharuki isiyo na ushahidi. Anayesema kwamba adui *anaweza* kuzibashiri huacha utata, kwani *-weza* hubeba uwezo na pia huchukuliwa kuwa labda. Msikilizaji akiisikia kama labda, huahirisha kazi.

Utata mwingine umo katika maagizo. Kauli ya kutendwa katika dhamira tegemezi, *funguo zibadilishwe*, imezoeleka katika lugha ya ofisi, lakini humficha mtenda. Katika suala la funguo kila mwenye ufunguo ni mtenda, na asipotajwa atadhani kuwa kazi ni ya fundi.

5.0 Pendekezo la Ufasiri

Kwa kuzingatia hoja hizo, tangazo lingeweza kuelezwa hivi:

(4) Programu inayotengeneza funguo ina kasoro. Funguo zote ilizotengeneza tangu tarehe 17 Septemba 2006 zinabashirika. Hakuna uthibitisho kwamba zimebashiriwa hapa chuoni, wala kwamba hazijabashiriwa. Fundi asasishe programu kwanza. Kisha kila mwenye ufunguo wa zamani aache kuutumia na atengeneze mwingine. Fundi aufute ule wa zamani katika kila mashine inayoupokea, hata isiyo na kasoro.

Utaratibu huo haukuhitajika mwaka 2008 tu. Kasoro ya OpenSSL iliyotangazwa tarehe 7 Aprili 2014, iliyojulikana kwa jina la Heartbleed, nayo haikumalizwa na usasishaji pekee: huduma zilipaswa kuwashwa upya, na funguo zilizokuwa zikitumika kubadilishwa.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba Kiswahili kina nyenzo za kisarufi za kutenganisha linalowezekana, lililotokea na linalopaswa kufanywa. Kinachohitajika ni kwamba mafunzo ya mafundi yaguse matumizi ya nyenzo hizo, na kwamba kamusi za istilahi za kompyuta zionyeshe vitenzi katika kauli zake mbalimbali badala ya kuishia kwenye orodha za nomino. Orodha hizo humpa fundi jina la hatari, bali msikilizaji wake anahitaji kujua kama hatari hiyo imekwisha kufika na nani aondoke kitini kwenda kuizuia.