Amani Haingoji Umeme Urudi: Vidokezo 6 kwa Moyo Uliochoka

Umeme umekatika tangu jana, makala yamepanda bei, mtoto amerudishwa nyumbani kwa sababu ya ada, na shangazi yuko Goma, simu yake haiiti. Hapa Lubumbashi wengi tunaamka hivyo. Lakini kumbuka: Yesu aliwaahidi wanafunzi amani yake usiku ule ule aliokamatwa. Kwa hiyo ahadi hiyo ni ya watu wenye shida, yaani sisi! Tuanze.

1. Zaburi kwanza, simu baadaye
Ukifumbua macho tu, mkono unakimbilia WhatsApp, na kabla hujanawa uso umeshapokea vita viwili na matanga matatu. Geuza utaratibu. Zaburi 131 ina mistari 3 tu. Utaimaliza kabla maji ya chai hayajachemka kwenye mbabula. Usiku, laza Biblia juu ya simu, asubuhi mkono ukutane nayo kwanza.

2. Mlalamikie Mungu, hachoki
Nani alisema sala njema lazima iwe na tabasamu? Zaburi 13 inaanza kwa kumuuliza Mungu "hata lini" mara 4, kisha inamalizika kwa wimbo. Mtajie shida zako 3 kwa majina yake: deni gani, ugonjwa gani, hofu gani. Halafu shukuru kwa jambo 1. Tumia Kiswahili, Kibemba au Kiluba. Hata ukichanganya na Kifaransa, anaelewa.

3. Kula, lala, ndipo uamue
Eliya alipochoka hadi akaomba afe, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Basi nawe, usikate shauri zito usiku wa manane. Kula bukari lako na sombe, andika tatizo kwenye karatasi, liweke ndani ya Biblia, ulale. Asubuhi tatizo litakuwepo, ila wewe utakuwa na nguvu mpya.

4. Mzigo ni wa wawili
Miaka ya 1950, hapa hapa Katanga, Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliketi na wafanyakazi wa migodi na wake zao wakazungumza maisha yao. Hapo likazaliwa kundi la Jamaa, na jina lake tayari ni mahubiri. Leo una kwaya, una jumuiya ndogo, una kikundi cha akina mama. Chagua mtu 1 umtumie ujumbe wa sauti wa dakika 1: "Dada, niombee kwa hili. Na wewe, nikuombee nini?"

5. Imba mikono ikiwa kazini
Paulo na Sila waliimba gerezani Filipi usiku wa manane, miguu ikiwa bado imefungwa. Hawakungoja mlango ufunguke. Imba ukitwanga sombe, imba kwenye foleni ya maji: pumzi inarefuka, mabega yanashuka. Jirani akiitikia, tayari mna kwaya!

6. Toa amani, nayo itarudi kwako
Floribert Bwana Chui, mkaguzi wa bidhaa mpakani Goma, alikataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisiwafikie watu. Aliuawa 2007, tarehe 15 Juni 2025 akatangazwa mwenye heri huko Roma. Hakungoja nchi itulie ndipo atende haki. Mwaka huo wa 2025, maaskofu Wakatoliki wa CENCO, wakiongozwa na Askofu Mkuu wetu Fulgence Muteba, walishirikiana na Waprotestanti wa ECC kuwahimiza waliokuwa wakipigana nchini wazungumze. Mkutano wako wewe uko uani kwako: jirani mliyenuniana, au yule aliyetoka Kasai ambaye unasikia watu wakimsema vibaya. Mpelekee sahani ya mikate ikiwa bado moto, mkae, mzungumze.

Jioni ukiwasha mbabula, itazame vizuri. Makala hayashiki yote kwa pamoja: linashika kaa moja, unalipulizia, nalo linaliwasha la pembeni. Chagua kidokezo kimoja leo, ukipulizie wiki nzima. Giza likiingia, nyumba yako itakuwa na moto, na majirani watajua pa kuja kuota.