Kutafuta mtoto ugenini: mpimwe wawili

Mwaka ukipita bila kuzuia mimba na bado haijashika, nendeni kliniki. Mke akiwa na miaka 35 au zaidi, msingoje mwaka; miezi 6 inatosha. Na nendeni wote wawili. Kwa Wakongo, Warundi na Wasomali wengi walioko Marekani, katika miji ya Louisville (Kentucky), Columbus (Ohio) na Buffalo (New York), macho ya mawifi humwangukia mke peke yake. Ataagiziwa dawa za chango kutoka Bujumbura au Dar es Salaam, na mume hajapimwa chochote. Ilhali kipimo cha mbegu za kiume ni rahisi kuliko karibu vyote atakavyofanyiwa mke, na mara nyingi tatizo liko kwa mume au kwa wote wawili.

Dua na kombe vikikutuliza moyo, hiyo ni imani yako. Mizizi ya kunywa ni habari nyingine. Usiichanganye na vidonge vya kupevusha mayai kama klomifeni bila daktari kujua. Mpelekee pakiti yenyewe aione. Dawa za kuweka ukeni, eti za kusafisha kizazi, ziache kabisa: huchubua na kuleta maambukizi.

Mweleze daktari asichoweza kukisia: kifua kikuu ulichougua kambini, kichocho kama ulikulia kando ya ziwa, kukeketwa, magonjwa ya zinaa yaliyotibiwa nusunusu. Kifua kikuu na kichocho huweza kuharibu mirija ya uzazi, na madaktari wengi wa Marekani hawayaoni magonjwa hayo mara kwa mara.

Mkalimani ni haki yako, bila malipo. Mtoto wako asitafsiri habari za hedhi yako. Ukiogopa kwamba mkalimani ni mtu wa jamii yenu, omba wa kwenye simu.

Pa kuanzia: Family Health Centers mjini Louisville, PrimaryOne Health Columbus, Jericho Road Buffalo, huko malipo hupunguzwa kulingana na kipato. Jimboni New York, tangu 2020 bima nyingi za waajiri wakubwa hutakiwa kulipia IVF (kutungisha mimba maabara) hadi mizunguko 3, na Medicaid ya huko, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, hulipia baadhi ya vipimo na dawa za kupevusha mayai. Kentucky na Ohio haziilazimishi bima kulipia IVF. Kwa hiyo kabla ya kukubali matibabu yoyote, piga namba iliyo nyuma ya kadi yako ya bima, uulize vipimo vipi vinalipiwa, na uandike jina la aliyekujibu.